Macho ya Nasibu

Mwalo wa Isamba,
8 Januari

Shemeji Sheikh Twaha,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini baridi ya Sumbawanga haijakumaliza na kwamba wanafunzi wako wa madrasa bado wanakuletea mkaa wa kuotea miguu. Huku mtandao umekufa tangu mnara ulipopigwa na radi, kwa hiyo barua hii nampa Abeli, dereva wa fuso la dagaa. Usimpe jibu la mdomo. Abeli ni mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki.

Shemeji, wanataka kumuua mdogo wangu.

Unamkumbuka Vitus, kitinda mimba wetu kule Mwazye, aliyeteremka huku ziwani kunisaidia nyumba baada ya mume wangu, kaka yako Hemedi, kufariki. Ijumaa iliyopita alikuwa anarudi na Idrisa, mtoto wa Mzee Kashindi, kwenye boti moja. Mawimbi yalikuwa makubwa. Pale kwenye mlango wa mawe Vitus akawa nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, anasukuma jiwe ili boti isipasuke. Pondo likateleza kwenye jiwe, likarudi nyuma kwa nguvu, na Idrisa alikuwa ameinuka kushika kamba. Likampata kwenye kipaji cha uso, akaanguka kati ya boti na jiwe. Walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Polisi walikuja, wakamchukua Vitus, wakamhoji, wakamwachia kwa dhamana. Lakini kila mtu anajua kwamba siku moja kabla yake hao wawili waligombana kwa sababu ya wavu uliochanika, wakataka kushikana. Watoto wa Mzee Kashindi wanasema lile pondo halikuteleza. Mzee mwenyewe amesema hivi, mbele ya watu: "Nitawazuia wanangu mpaka arobaini ya Idrisa. Kabla ya hapo, Sheikh Twaha aniambie Kurani inauitaje uuaji huu, na aniletee shahidi. Akikosekana shahidi, mimi ni mzee, sina nguvu ya kushika mikono ya vijana."

Shahidi yupo. Alikuwa juu ya mawe anaanika dagaa, akaona yote, na ndiye aliyeruka majini kusaidia. Ila ni Nasibu Kalunga.

Najua jina hilo linavyokukaa kooni. Naomba unisomee aya, Shemeji, na unisomee kwa huruma.

Wako,
Tausi


Sumbawanga,
13 Januari

Shemeji Tausi,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Barua yako imenifikia ikinuka dagaa. Nimeisoma nikaanza upya, kisha nikafunga mlango.

Nianze na lililo jepesi. Wanazuoni wetu wameugawa uuaji mafungu matatu. Kuna wa kusudi: mtu amemkusudia mtu kwa kitu ambacho kwa kawaida huua. Kuna unaofanana na kusudi: amemkusudia, lakini kwa kitu ambacho kwa kawaida hakiui. Na kuna wa kukosea: alikusudia jambo jingine kabisa, mauti yakampata mtu. Mwenye kusukuma jiwe likateleza pondo yuko katika fungu hili la tatu. Huko hakuna kisasi. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameweka diya, yaani fidia ya damu, kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa sadaka. Vitus ni Mkristo, na aya ile inaanza kwa kumtaja Muumini, lakini mafungu haya wanazuoni wameyatumia kwa watu wote. Mwambie Mzee Kashindi hivyo. Mwambie pia kwamba sisi si mahakama, na kwamba kwa haki hasa mwenye kudai kusudi ndiye anayetakiwa kuleta shahidi, si anayedaiwa. Ingawa najua mtu aliyezika mtoto hasikilizi hayo.

Sasa lililo zito. Nasibu Kalunga alisimama barazani miaka tisa iliyopita, watu wametoka kusali Alasiri, akasema amemwona Idrisa akitoka nyumbani kwako na Hemedi yuko safarini. Aliulizwa mashahidi wanne. Hakuwa hata na wa pili. Suratun Nuur haina mzunguko: wanaowasingizia wanawake watahirifu, yaani waliojihifadhi, kisha wasilete mashahidi wanne, wapigwe mijeledi themanini, "na msiukubali ushahidi wao abadani." Mijeledi hatuna mamlaka nayo katika nchi hii. Lakini neno *abadani* halihitaji serikali. Mzee Kashindi alilisoma siku ile mbele ya wote, na mimi nilimuunga mkono.

Nilimwona kaka yangu baada ya siku ile. Alihamisha boti yake mpaka ncha ya mwalo ili asikae na watu. Usiniombe nimsafishe mtu aliyemfanyia Hemedi vile.

Tafuta shahidi mwingine. Na Vitus asikimbie, kwa sababu akikimbia amejihukumu mwenyewe.

Twaha Mfaume


Mwalo wa Isamba,
17 Januari

Shemeji,

Hakuna shahidi mwingine. Ningekuwa naye ningekusumbua?

Nikueleze tunavyoishi. Watoto wa Mzee Kashindi wamehamisha kazi yao ya kushona nyavu. Zamani walikaa chini ya banda la barafu. Sasa wamekaa mbele ya mlango wangu. Hawatukani, hawasemi neno. Wanashona. Nikitoka kuteka maji wananiamkia vizuri, "Shikamoo mama," na visu vya kukatia uzi viko mapajani mwao. Vitus hajatoka nje tangu Jumapili. Anakula kidogo, anasali rozari, anauliza kama mama kule Mwazye ameambiwa. Nimemwambia hapana. Ana umri wa miaka ishirini na miwili na nimemzuia kukaa karibu na dirisha kama mtoto anayetambaa.

Umenisomea aya ya nne ya sura hiyo, Shemeji. Mimi nilizaliwa Marsiana katika nyumba ya Wakatoliki, nikasilimu ukubwani, lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha sura hiyo, na ulinifundisha nisikate aya njiani. Ya tano inasemaje? "Isipokuwa wale waliotubu baada ya hayo na wakatengenea, hakika Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa maghufira, Mwenye kurehemu." Miaka tisa Nasibu hajasema neno jingine juu ya mtu yeyote. Hashuhudii ndoa, hashuhudii mtu akiuza injini. Mwaka juzi aliuona mwezi wa Ramadhani peke yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye macho kuliko wote hapa, akaja msikitini kusema. Wakamwambia rudi nyumbani. Tukafunga kesho kutwa yake, na baadaye tukasikia kote wamefunga siku ile aliyoisema. Hakuna aliyemwomba radhi.

Nimekwenda mwenyewe kwa Mzee Kashindi. Nikapiga magoti. Akasema atampokea Nasibu kwa sharti moja: asimame kwanza mbele ya watu, aseme kwamba alichosema juu yangu na Idrisa kilikuwa uongo. "Nikimpokea bila hilo," akasema, "watu watasema nimekubali kwamba mwanangu aliye kaburini alikuwa mzinifu."

Basi mwandikie Nasibu. Wewe atakusikiliza, kwa sababu mimi sijawahi kusema naye tangu siku ile na siwezi kuanza leo.

Tausi


Sumbawanga,
21 Januari

Kwa Nasibu Kalunga,

Amani iwe kwa anayefuata uongofu.

Sikuandikii kwa mapenzi. Nakuandikia kwa sababu roho ya kijana iko mkononi mwako, na kwa sababu mwanamke uliyemsingizia ndiye anayekuombea. Tafakari hilo kwanza, uone haya mwenyewe.

Katika aya ya tano ya Suratun Nuur wanazuoni wamehitilafiana. Wapo waliosema toba inamwondolea msingiziaji dhambi tu, lakini ushahidi wake unabaki umekufa mpaka kaburini. Nakiri kwamba kwa ajili yako wewe nilikuwa nawapenda hao. Lakini madhehebu yetu hayasemi hivyo. Madhehebu yetu yanasema toba inarudisha vyote viwili, na mwenye kutubu akatengenea ushahidi wake unakubaliwa. Sina haki ya kubadilisha madhehebu kwa sababu ya hasira yangu.

Toba hiyo ina mlango wake: ajikadhibishe, yaani akiri mwenyewe kwamba alisema uongo. Hivyo simama siku ya arobaini ya Idrisa, useme: "Nilisema uongo juu ya Tausi na Idrisa." Maneno hayo hayafiki kumi. Baada yake utaeleza uliyoyaona kwenye mawe, Vitus ataapa kwa dini yake, na kwa kuwa jambo lenyewe ni la kukosea na si la damu, shahidi mmoja na kiapo vitatosha kwa Mzee Kashindi. Nimemwandikia naye amekubali.

Sheikh Twaha Mfaume


Mwalo wa Isamba,
25 Januari

Kwa Sheikh Twaha,

Assalaam alaykum. Mimi nakupa salamu nzima, hata kama wewe umenipimia ile ya wasio Waislamu.

Barua yako nimeisoma. Nimefurahi kusikia kwamba ushahidi wangu unaweza kufufuka. Nilishazoea kuwa maiti inayovua samaki.

Lakini Sheikh, umeniweka pabaya. Nisikilize na usichane karatasi. Kwenye mawe niliona pondo likiteleza. Niliona kwa macho haya, na kijana alikuwa amempa Idrisa mgongo, hakujua kama ameinuka. Nitalisema hilo mbele ya Mungu na mbele ya polisi, na polisi nimeshawaambia. Na miaka tisa iliyopita niliona kwa macho haya haya. Sikuota, sikuambiwa. Nilikosa mashahidi watatu, sikukosa ukweli.

Nilikosea kusema, hilo nakiri. Mke wa mtu si habari ya barazani. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu Idrisa alininyang'anya nafasi katika boti ya baba yake, na nikatumia nilichokiona kama jiwe. Hilo limenitafuna kuliko ninyi mnavyojua. Mke wangu alirudi kwao Kaoze kwa ajili ya aibu ile. Kama Mungu ataniuliza kwa nini ulisema, sina jibu.

Ila wewe unataka niseme sikuona. Yaani ili watu waamini kwamba leo nasema kweli, nianze kwa kusema uongo, tena msikitini, tena juu ya maiti. Kisha nikimaliza kudanganya, niseme, "Sasa jamani niaminini." Wewe msomi, hebu niambie hiyo inakaaje.

Nimpende Vitus vipi zaidi? Nilimshika majini analia anamwita Idrisa kwa jina. Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na mimi sina mpenzi mwingine aliyebaki.

Nasibu Kalunga


Sumbawanga,
29 Januari

Tausi,

Nasibu amekataa. Si kukataa tu. Ameniandikia mimi, ndugu wa Hemedi, kwa mkono wake, kwamba alichosema siku ile alikiona. Huo ni usingiziaji mwingine. Barua nilitaka kuichana, nikaiweka chini ya msahafu ili mkono wangu usiifikie.

Nina hasira, na nitasema nina hasira. Miaka yote hii nimefundisha sura hiyo nikiamini kwamba nimemlinda mwanamke mtahirifu na jina la kaka yangu. Sasa mvuvi mmoja ananiuliza swali ambalo sikulala kwa ajili yake: je, mtu aliyesema kweli tunaweza kumwamrisha aseme alidanganya?

Swali hilo lina maana tu kama kweli alisema kweli. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Hujawahi kuulizwa na mtu, nadhani, hata mimi. Niandikie: Wallahi, Nasibu alisema uongo. Maneno hayo tu. Ukiniandikia hivyo nitateremka mwenyewe hadi Isamba, kwa mvua hii hii, nimlazimishe aseme mbele ya watu, au nimwambie Mzee Kashindi amfukuze kabisa.

Niapie, Tausi, nitulie.

Twaha


Mwalo wa Isamba,
1 Februari

Shemeji,

Sitaapa.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na nyavu zinashonwa hapo nje, na hilo ndilo neno lililotoka. Usisome zaidi ya nilichoandika, na usisome pungufu.

Nitakueleza kwa nini nisingeweza hata kama ningetaka. Watoto wa Mzee Kashindi wanatafuta sababu. Ugomvi wa wavu ni sababu ndogo, na wenyewe wanajua. Siku watakapoambiwa kwamba Nasibu alisema kweli, watakuwa na sababu kubwa: kaka amelipiza aibu ya dada yake. Vitus siku hizo alikuwa mtoto, yuko Mwazye anachunga ng'ombe wa baba, hajui lolote mpaka leo. Nani atamwamini? Kwa hiyo neno la namna moja linamwua mdogo wangu. Na neno la namna nyingine, lile unalolitaka, siwezi kulitia jina la Mungu.

Sasa umejua. Nichukie ukitaka, una haki.

Lakini nikuambie habari ya kaka yako, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naye mwishoni, si wewe. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alfajiri ile aliniambia, "Tausi, nimekusamehe yote." Sikumuuliza yote ni yapi, naye hakunitajia. Nililia mpaka akaniomba ninyamaze, apate kusikia adhana. Wewe unataka kufungua alichokifunga yeye kwa mkono wake?

Katika kitabu unachofundisha, kuna aya iliyokuamrisha kuniuliza? Mimi naijua moja inayokataza.

Arobaini ni tarehe kumi. Vitus ameanza kuniambia nani apewe viatu vyake.

Marsiana, uliyemwita Tausi


Sumbawanga,
6 Februari

Shemeji Tausi,

Assalaam alaykum.

Nimechelewa. Niliwapa wanafunzi mapumziko nikawaambia naumwa, na haikuwa uongo. Mvua haijakatika huku, na mimi nimekaa na jiko la mkaa na vitabu, nikimkasirikia kila mtu kwa zamu: wewe, Idrisa, Nasibu, hata Hemedi kwa kufa. Wa mwisho nilimkuta ni mimi mwenyewe, nikamwacha, kwa sababu muda ni mfupi.

"Wala msipeleleze." Hiyo ndiyo aya uliyoitaka. Nilivunja, nisamehe. Barua yako nimeitia katika bahasha hii. Ni yako, ichome au iweke.

Sikiliza nilichokipata. Niliposema mlango wa toba ni kusema "nilisema uongo," nilikuwa nimesoma kauli moja nikaacha ya pili. Wapo wanazuoni wa madhehebu yetu wenyewe walioliona swali la Nasibu kabla hata bibi zetu hawajazaliwa. Walisema: asilazimishwe kusema alidanganya, huenda alikuwa mkweli, na hapo tutakuwa tumemwamrisha uongo. Aseme hivi: "Neno langu lilikuwa batili, sikuwa na haki ya kulisema, nimejuta na sitalirudia." Basi. Kosa ni kule kusema bila mashahidi, na kwa kosa hilo Mwenyezi Mungu amemhesabu pamoja na waongo hata kama macho yake yaliona. Nimemwandikia Nasibu maneno hayo, bahasha yake ni ile yenye alama ya wino. Hayo nadhani ataweza kuyasema.

Mzee Kashindi ndiye atakayeleta shida. Si mjinga. Atasikia kilichosemwa na kisichosemwa, na atauliza. Akiuliza, mimi sina jibu la kumpa ambalo halitakuumiza.

Ila kuna jambo moja ambalo wote tumelipita juu kwa juu, mimi wa kwanza. Katika madhehebu yetu adhabu ya usingiziaji ni haki ya aliyesingiziwa. Akisamehe, imekwisha. Siku ile barazani tulikuwa wanaume wengi na vitabu vyetu, tukahukumu, tukatawanyika, wala hakuna aliyekwenda kugonga mlango wako.

Barabara imekatika, sitawahi kufika. Kama mguu ungeweza kutumwa peke yake, ningeutuma wangu.

Sikuchukii. Nilijaribu.

Twaha


Mwalo wa Isamba,
11 Februari

Shemeji,

Yuko hai. Nimeanza na hilo usije ukasoma kwa kukimbia.

Jana baada ya khitma walikaa kwenye uwanja wa msikiti, sisi wanawake nyuma ya pazia. Vitus aliketi katikati pamoja na Katekista Felisiani, aliyeteremka kutoka Mwazye na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Watoto wa Mzee Kashindi walikaa nyuma yao. Nilihesabu migongo yao, nikaona inatosha kumficha mdogo wangu nisimwone tena.

Nasibu alisimama. Amekonda, sikuwa nimemtazama miaka yote. Akasema maneno yako neno kwa neno: batili, sikuwa na haki, nimejuta, sitalirudia. Mzee Kashindi akasema, "Sikukuuliza kama ni batili. Nimekuuliza ulisema uongo au hukusema?"

Nasibu alitazama chini. Mmoja wa vijana akaanza kuinuka, Shemeji, na mkono wake ulikuwa kiunoni.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilisikia sauti yangu imeshatoka. Nikasema, "Mzee Kashindi, shikamoo. Siku ile aliyesingiziwa alikuwa nani?"

Wanawake wakanivuta kanga. Mzee akasema, "Wewe. Wewe na mwanangu."

"Mwanao yuko mbele ya Mola wake. Hapa nimebaki mimi. Haki ni ya nani?"

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati, watu wanakohoa. Akasema, "Yako."

"Basi nimemsamehe. Nimeridhika na maneno aliyoyasema, hayo hayo. Lisiongezwe neno."

Shemeji, mwanamke aliyesingiziwa uongo hukataa kuongezewa neno "uongo"? Kila mwenye akili pale alisikia. Nilijua watasikia nilipokuwa nasema. Nilingoja Mzee aniulize kwa nini, nimemshika mama mmoja bega.

Hakuniuliza. Aliinamisha kichwa, akafuta miwani kwa kanzu, akamgeukia Nasibu. "Haya," akasema, "tueleze ulichokiona kwenye mawe."

Nasibu akaeleza. Vitus akaapa juu ya Biblia, akilia. Mzee akamwambia yule kijana aliyeinuka, "Kaa." Kisha akasema, "Hili ni la kukosea. Nimekubali. Na diya siitaki. Naitoa sadaka kwa ajili ya Idrisa. Yeye anaihitaji sadaka kuliko mimi ninavyohitaji diya." Wakamsaidia kuketi.

Leo asubuhi nyavu hazipo mlangoni. Vitus amepanda fuso la Abeli kwenda kumwona mama, polisi wameruhusu. Ameondoka na viatu vyake.

Mimi wanawake wananisalimia kwa kifupi kisimani. Wawili hawakuitika. Inaniuma, sitasema haiumi. Lakini nimefungua dirisha.

Tausi


Mwalo wa Isamba,
19 Februari

Kwa Sheikh Twaha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhani karim.

Nina habari moja tu. Jana jioni nilikuwa mwaloni naosha boti. Mawingu yalikuwa yameziba upande wote wa Kongo, watu wameshakata tamaa ya kuuona mwezi, wengine wamekwenda zao. Mimi sikutazama juu kwa makusudi. Nimezoea kutotazama, nisije nikaona jambo.

Mzee Kashindi akaja na fimbo yake. Alikuja peke yake, miguu kwenye tope. Akasimama kando yangu, nikadhani amekuja kunitukana. Kisha akaniambia, "Nasibu, macho yangu mimi yamekwisha. Nitazamie."

Nikatazama. Mawingu yalipasuka kidogo juu ya maji, na mwezi ukawa pale, mwembamba sana. Nikamwambia, "Upo, Mzee." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia, "Nauona kama ninavyokuona wewe."

Nilingoja aniambie nirudi nyumbani. Yeye akanishika mkono, akasema polepole, bila kunitazama, "Macho yako ni mazuri, Nasibu. Yalikuwa mazuri siku zote."

Halafu akageuka kuelekea msikitini akawaita watu, akawaambia Nasibu Kalunga ameuona mwezi, tunafunga kesho.

Leo tumefunga.

Nasibu Kalunga